Mashine ya Baba Ndani ya Faili

Mwaka jana nilitumia karibu miezi mitatu kuchagua programu ya kuchorea. Kuna watu hununua kiwanja kwa muda mfupi zaidi ya huo. Niliosoma nao walinishangaa, maana kwao swali lenyewe halipo: unamtafuta mtu mwenye flashi, anakuwekea AutoCAD iliyovunjwa kufuli, unampa chochote kitu, unaanza kazi. Mimi nilikuwa na sababu mbili za kutopita njia hiyo. Ya kwanza ni laptopu yangu, ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ambayo tangu chuoni inatumia Linux Mint kwa sababu Windows ilikuwa ikiitoa jasho, na AutoCAD haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Ya pili ni macho ya baba.

Baba ana karakana ndogo Uyole, pale barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam inapoachana na ile ya kwenda Tukuyu. Anachomelea mageti, madirisha na matoroli kama mafundi wengine wote wa pale, lakini jina lake limejengwa na mashine ya kupukuchua mahindi. Msimu ukifika simu yake hailali. Mashine hiyo hajawahi kuichora. Vipimo vyake vilikuwa vimekaa sehemu tatu: kichwani mwake, kwenye vigezo vya karatasi ya mfuko wa saruji vinavyoning'inia kwenye msumari, na mikononi, maana kuna mambo ambayo hata yeye hakujua kwamba anayajua mpaka mkono ulipoyafanya.

Kisha akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango alioutengeneza mwenyewe. Hospitali walisema ni presha ya macho. Ugonjwa huu kwa kawaida humla mtu kuanzia pembeni, taratibu, bila maumivu, ndiyo maana wengi huenda kwa daktari wakiwa wamechelewa. Matone aliyopewa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Baba alilipokea hilo kimya. Wiki chache baadaye nilimsikia akimuuliza kijana anayekata vyuma, huku ameshika futi mwenyewe, "Hapo pameandikwa ngapi?"

Kwa hiyo mashine ilibidi ichorwe, na ichorwe yeye akiwa bado anaweza kusema hapana, si hivyo. Nikajua pia kwamba ninachokichagua si kalamu tu. Ni kabati. Baba akishaweka humo miaka yake yote, funguo zitabaki kwa nani?

Kwa asiyeijua, mashine ya kupukuchua ni ngoma ya chuma inayozunguka ndani ya kizimba. Ngoma ya baba ni kipande cha bomba la inchi nane. Ukilipima kwa kalipa huzipati inchi nane. Kwa nje ni milimita 219, na hapo muuzaji hajakuibia, mabomba ndivyo yanavyoitwa, kwa jina na si kwa kipimo. Juu ya ngoma kuna meno 28, vipande vya nondo vilivyochomelewa katika safu nne, na kila safu imesogezwa kidogo mbele ya mwenzake ili meno yafuatane kama nyuzi za skrubu na kuyasukuma mahindi kuelekea mlango wa kutokea. Chini yake kuna chekeche la nondo zilizopinda. Punje zinadondoka, magunzi yanatokea upande wa pili, feni inapeperusha makapi. Siri yote iko kwenye mwanya kati ya ncha ya jino na chekeche. Ukiwa mdogo, punje zinavunjika, na punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa wadudu wa ghalani. Mnunuzi akiona chenga, gunia linashuka bei. Ukiwa mkubwa, magunzi yanatoka yakiwa na mahindi yake. Baba huacha mwanya mpana mahindi yanapoingilia, kisha anaubana kidogo kidogo hadi yanapotokea. Kwa kiasi gani? Miaka yote alijibu swali hilo kwa kuinua vidole viwili, halafu kimoja.

AutoCAD ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1982, na kwa wengi wetu jina lake limekuwa kama jina la kalamu ya Bic: bidhaa imemeza kitu chenyewe. Chuoni hatukuambiwa tuchore kwa kompyuta, tuliambiwa "tufanye AutoCAD". Wanafunzi wanaostahili hupewa bure kwa mwaka mmoja mmoja, kwa ajili ya kusomea. Ukiingia kazini unalipa, na tangu mwaka 2016 kampuni iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Unakodi, kama chumba. Kodi ya mwaka mmoja inazidi bei ya mashine ya kuchomelea na grainda za karakana yetu zikiwekwa pamoja. Sina mahubiri juu ya zile za kwenye flashi. Kilichonizuia ni faili lenyewe, lile linaloishia na DWG. Muundo wake wa ndani haujawahi kutangazwa na wenyewe. Walioufumbua waliufumbua kwa kuchungulia. Sikutaka mashine ya baba ikae ndani ya sanduku ambalo hata fundi wake hakukusudia nilifungue kwa mikono yangu.

Nilipomwambia baba kwamba natafuta programu za bure, alikunja uso. Neno hilo kwa Kiswahili lina makovu. Bure ni kisicholipiwa, lakini pia ni kisichofaa: kazi bure, maneno bure, mtu bure kabisa. Wazungumzaji wa Kiingereza wana shida ya namna nyingine, maana neno lao moja hubeba kutolipa na uhuru kwa pamoja, na tangu miaka ya 1980 Richard Stallman na wenzake wamekuwa wakieleza kwamba wao wanaongelea uhuru. Sisi tuna bahati ya kuwa na maneno tofauti, na tumeongeza jingine: programu huria. Ni ile ambayo msimbo wake chanzo uko wazi, na umeruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwingine. Nikamwambia baba, ni kama mtu akupe mashine pamoja na vigezo vyake vyote vya karatasi, na ruhusa ya kuvinakili.

Akafikiri. "Na yeye anakula wapi?"

Sikuwa na jibu moja. Wengine wana ajira kwingine na hufanya kazi hii usiku. Wengine huchangiwa. Wengine hutoa toleo huria na kuuza jingine lenye nyongeza. Baba alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayeahidi kumalizia malipo baada ya mavuno, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nilianza na programu iliyonizidi umri. BRL-CAD ilianza kuandikwa mwaka 1979 katika maabara ya silaha ya jeshi la Marekani, chini ya Mike Muuss, yule yule aliyeandika ping mwaka 1983, ile amri ndogo ambayo kila mtu wa kompyuta huitumia kuuliza kama mashine ya upande wa pili iko hai. Walijenga vifaru ndani ya kompyuta ili wajue risasi ikipenya hapa itaharibu nini kule. Mwaka 2004 msimbo wake ukafunguliwa kwa wote. Ilinifurahisha kwamba chombo cha vifaru kingeweza kuchora kitu cha kupukuchua mahindi, lakini jioni mbili ndani ya madirisha yake zilinitosha. Inataka mtu aliyejiandikisha jeshini.

LibreCAD ni kinyume chake. Nyepesi, inafunguka kabla hujakaa vizuri, na inafanya jambo moja: mistari juu ya karatasi. Ni mtoto wa QCAD, programu iliyoanzishwa na Andrew Mustun mwaka 1999. Watu walichukua toleo lake huria wakaliendeleza kivyao, kama leseni inavyoruhusu. Wapo wanaoibeza kwa kuwa haina umbo la pande tatu. Mimi naona waliosema hivyo hawajawahi kumtazama fundi wa bati akifanya kazi. Fundi huanza na kitu bapa. Baba anapopanga meno hachori ngoma. Anaichana akilini na kuilaza chini. Bomba la milimita 219 ukilikunjua linakuwa karatasi yenye upana wa milimita 688. Gawa kwa safu nne, unapata 172. Hiyo ndiyo karatasi ya saruji iliyokuwa msumarini, na LibreCAD iliielewa siku ya kwanza. Nikaichora kwa ukubwa halisi, nikaigawa katika karatasi 12 za A4, nikaenda kuchapa stesheni. Pembeni niliweka mstari wa milimita 100 kama shahidi: ukitoka kwenye printa ukiwa 97, karatasi zote zinatupwa, maana kuna mtu amebonyeza kitufe cha kuubana mchoro uenee. Tukaziunganisha kwa gundi, tukaivisha ngoma, na kijana wa kuchomelea akapiga nukta 28 bila kuuliza swali.

Baba alizipitia nukta kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Akasema karatasi hii inateleza kuliko ya saruji. Kwake hiyo ni sifa, nadhani.

Tatizo la mistari ni kwamba haikumbuki kwa nini iko pale. Mteja akitaka ngoma ya bomba la inchi sita, unafuta na kuanza upya. Hapo ndipo FreeCAD inapoingia, na ndiyo ambayo watu wengi wa Linux watakutajia kwanza ukiwauliza. Ilianza na Jürgen Riegel mwaka 2001, ikakua na Werner Mayer na Yorik van Havre, na chini yake kuna injini ya jiometri inayoitwa Open CASCADE, iliyotoka kampuni ya Ufaransa, Matra Datavision, na kufunguliwa mwaka 1999. Ni nzito. Niliipakua kwa bando la usiku, na laptopu ilipoifungua mara ya kwanza feni yake ilivuma kuliko ya mashine ya baba.

Ndani yake huchori tu, unaweka masharti. Mstari huu uwe sambamba na ule. Tundu hili likae katikati. Umbali huu uwe sawa na ule. Wazo lenyewe si geni: Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 huko MIT, kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini ya kompyuta yenye ukubwa wa chumba, katika programu aliyoiita Sketchpad. Ukibadilisha kipimo kimoja, vingine vyote vinajipanga kutii masharti. Mtu aliyekaa na mafundi anaielewa hii haraka, maana ndivyo wanavyofikiri. Baba hasemi puli ikae sentimita 41 kutoka ukingoni, anasema puli iangaliane na ya injini.

Kwa miaka mingi FreeCAD ilikuwa na ugonjwa uliowakimbiza watu. Nyuso za umbo zilitambuliwa kwa namba. Ukirudi mwanzoni mwa kazi na kutoboa tundu jipya, namba zilipangwa upya, na kipande kilichokuwa kimeegemea uso wa sita kikajikuta kinaning'inia kwingine, au kinatoweka kabisa na kukuachia maandishi mekundu. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, lilikuja na dawa ya sehemu kubwa ya ugonjwa huo. Miaka ishirini na kitu kabla ya kujiita moja! Nikiwa natoka kwenye biashara ambayo kila kitu hutangazwa kuwa kipya na bora kila Januari, ukimya wa namna hiyo ulinipa imani.

Lakini kilichonishinda moyo ni jambo dogo zaidi. Faili la FreeCAD, ukilibadilisha jina na kulifungua kama furushi lililobanwa, linafunguka. Ndani kuna maandishi unayoweza kuyasoma kwa programu yoyote ya maandishi, na maumbo yameandikwa katika mafaili yake. FreeCAD yenyewe ikifa kesho, kilichomo bado kinaweza kuchimbuliwa. Fremu, kizimba, mdomo wa kuingizia na vile vibao vya pembeni vyote nimevichora humo, pamoja na kurasa zenye vipimo za kumpa mkataji.

Ngoma sikuichora humo. Ngoma iko kwenye OpenSCAD, na hapa lazima nikae kidogo.

OpenSCAD haina kalamu. Upande wa kushoto unaandika, upande wa kulia umbo linatokea. Waandishi wa programu huipenda, wachoraji huikimbia, na nilikuwa nimeiweka mwisho kabisa nikiamini nitaitupa baada ya nusu saa. Nikaandika hivi:

kipenyo = 219;
urefu = 600;
safu = 4;
meno_kwa_safu = 7;
hatua = 80;
msogeo = 20;

Menyu zake nilizitumia kwa Kiingereza, lakini majina ya vitu ndani ya faili ni yako mwenyewe kuyachagua, na yangu ni ya Kiswahili. Chini ya hapo kuna mistari kama kumi na tano inayoiambia kompyuta: chukua silinda, zunguka safu kwa safu, weka jino, sogea, weka jino. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimejitahidi kumwonyesha baba michoro kwenye skrini. Aliinamisha kichwa, akakitafuta kipande anachoweza kukiona, akakipata, kingine kikapotea. Alikuwa akisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayetaka binti yake apumzike. Jioni hiyo sikumwonyesha kitu. Nilikuwa najisomea mwenyewe kwa sauti, kama ninavyofanya nikichoka, naye ameketi kwenye benchi akisafisha mikono kwa mafuta ya taa.

"Kipenyo, mia mbili kumi na tisa. Urefu, mia sita. Safu, nne. Meno kwa safu, saba. Hatua, themanini..."

"Rudia hapo."

"Hatua, themanini. Kutoka jino hadi jino."

"Yote?"

"Yote, baba. Kigezo chako kinasema hivyo."

"Kigezo ni cha vijana." Aliweka kitambaa chini. "Safu ya mwisho, jino la mwisho, mimi nalirudisha nyuma. Kama unene wa nondo hivi. Likikaa kwenye themanini, gunzi linakwama mlangoni."

Hakuna karatasi iliyokuwa na jambo hilo. Vijana walipiga nukta 28 zote, halafu baba, kila mara, alichukua jino la mwisho yeye mwenyewe na kulichomelea pale mkono wake ulipotaka. Hakuwa akilificha. Halikuwahi kuulizwa. Kwenye mchoro lingekuwa nukta moja kati ya nukta 28, na mtu mwenye presha ya macho asingeliona. Kwenye sauti lilikuwa neno "yote", na neno lile lilimchoma sikio.

Tukaanza upya, mstari kwa mstari, kwa wiki mbili. Mimi nasoma, yeye anakatiza. Mwanya, ule wa vidole viwili na kimoja, tuliupima kwa udongo: unabandika donge laini juu ya chekeche, unazungusha ngoma kwa mkono, jino linalikata, unapima unene uliobaki. Milimita 34 kwenye kuingia, 22 kwenye kutokea. Nikaandika mwanya_wa_kuingia na mwanya_wa_kutokea. Alipenda jinsi yanavyosikika. Alitaka niyasome mara mbili.

OpenSCAD ina udhaifu wake na sitauficha. Haitengenezi ukurasa wa vipimo wa kumpa mkataji. Toleo nililolikuta kwenye ghala la Mint, la 2021.01, hukokota linapounganisha maumbo mengi. Ukiagiza ngoma kamili unaweza kwenda kuteka maji. Ukitaka kuvuta kitu kwa kipanya, hapa si mahali pake. Na kama kazi yako ni kuchora nyumba, usinisikilize mimi hata kidogo, kaa na sehemu ya majengo ya FreeCAD. Niliijaribu pia SolveSpace, ndogo kiasi kwamba yote inakaa katika megabaiti chache, na ningemshauri mwanafunzi aanzie huko kuelewa masharti. Lakini hakuna nyingine niliyoweza kuisoma kwa sauti.

Suala la DWG lilirudi kwa mlango wa nyuma. Shirika moja lililokuwa likitaka mashine kadhaa kwa ajili ya vikundi vya wakulima liliomba michoro, na barua ilisema wazi: kwa muundo wa DWG. Katika Linux kuna njia. Open Design Alliance wanatoa kigeuzi chao bila malipo, na FreeCAD inajua kukiita kikishawekwa, ila hicho ni bure bila kuwa huria. Kinakusaidia leo kwa hisani ya wenyewe. Kuna pia LibreDWG, ya mradi wa GNU, ambayo ni huria kweli kweli, na hadithi yake inachekesha kwa uchungu. Ilitolewa chini ya toleo la tatu la leseni ya GPL. LibreCAD ilikuwa imerithi msimbo ulio chini ya toleo la pili pekee, na matoleo hayo mawili hayaruhusiwi kuchanganywa. Wote wawili walikuwa huru, na uhuru wao haukuweza kulala chumba kimoja. LibreCAD wakaandika maktaba yao wenyewe.

Mimi nilituma PDF na DXF. DXF ilitoka na AutoCAD huko huko mwaka 1982 kama njia ya kubadilishana michoro, na ni maandishi yanayosomeka. Jibu lilikuja siku ya pili: imefunguka. Mashine ya kukatia kwa plazima mjini nayo inataka DXF hiyo hiyo, kwa hiyo vibao vya pembeni sasa vinakatwa huko, na kijana aliyekuwa akivikata kwa grainda amehamia kwenye kuchomelea.

Lililobaki lilikuwa la baba mwenyewe, na hakulisema mpaka kazi ilipokaribia kwisha. "Ukishaliweka kwenye kompyuta, watalichukua."

Alikuwa na mtu akilini. Mmoja wa vijana wake aliondoka miaka kadhaa iliyopita, akafungua karakana yake Mlowo, na anatengeneza mashine kama ya baba. Kama, si yenyewe: meno yake yote yamekaa kwenye themanini. Wateja wake hulalamika kwamba inakwama, wengine hupanda hadi Uyole, na baba huirekebisha bila kusema neno juu ya aliyeitengeneza. Jino lile la mwisho lilikuwa, bila yeye kupanga, kufuli lake. Na mimi nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa.

Nikamuuliza yeye alijifunzia wapi. Nilikuwa nalijua jibu, lakini nilitaka kulisikia. Kuna mashine ililetwa kwa bwana aliyemfundisha kazi, ichomelewe mguu uliovunjika. Ililala karakanani usiku mmoja. Baba, wakati huo kijana wa kushika taa, aliipima yote kwa kamba akifunga fundo kila penye kipimo, maana hakuwa na futi yake. Kamba hiyo aliitunza hadi mama alipoitumia kufungia kuni. Alicheka aliposimulia, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Hakuniambia nifute kitu, wala hakuniambia nimpe mtu.

Juni mwaka huu, msimu ulipoanza, simu yake ililia nikiwa karakanani. Ilikuwa Mlowo. Yule kijana, ambaye sasa ana vijana wake, alimwamkia shikamoo mara mbili kabla ya kusema shida. Mteja amerudisha mashine, magunzi yanakwama, mahindi ni mabichi mabichi, afanyeje. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaninyooshea simu, akiielekeza pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa nimekaa.

"Msomee."

"Kutoka wapi, baba?"

"Mwanzo. Kipenyo."

Nilisoma. Upande wa pili nilisikia kalamu ikitafutwa, mtu akiitwa alete karatasi. Nilipofika kwenye jino la mwisho kukawa na kimya, halafu sauti ikasema "aaah," ndefu, ya mtu aliyegundua mahali alipokuwa akipotezea fedha. Baba alikuwa ameegemea benchi, macho yamefumbwa, akifuata.

"Ngoja," akasema nilipomaliza. "Andika na hili."

Kwenye OpenSCAD, mstari ukianza na mikwaju miwili kompyuta huuruka. Unabaki kwa ajili ya watu. Nikaiweka mikwaju, nikaandika alivyosema: ang'ate punje kwanza, jino likizama arudishe mahindi juani, na kama mteja hataki kungoja basi aongeze mwanya milimita 3 na apunguze mwendo. Nikahifadhi. Kijana akaomba nimtumie lote kwa WhatsApp, kisha akauliza, kwa wasiwasi, linafunguliwa na nini, maana yeye hana kompyuta. Nililipa jina linaloishia na .txt ili simu yake isilikatae. Lilikuwa na kilobaiti 3, likafika kabla hajakata simu.